X ni nne: tulivyokaribia kuliua duka la baba mkwe

Mzee wa maziwa alikunywa kahawa yake mpaka tone la mwisho, akatoa ringiti mbili mfukoni, akaziweka juu ya meza ya marumaru, akaondoka bila kusema neno. Mtu baki hapo asingeona kisa. Lakini mzee yule alikuwa ametuletea maziwa ya kopo na sukari kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulipia kahawa. Kulipa kwake kulikuwa kutuaga. Kesho yake gari la maziwa halikuja.

Aliyemfukuza ni mimi, kwa kusoma daftari nisilolijua.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Nilikwenda kisiwa cha Penang, Malaysia, kusoma mwaka 2005, nikampata mume darasani, tukaoana 2009. Ukoo wake ni Wachina wa Hainan, kisiwa cha kusini mwa China. Watu wa Hainan walifika Malaya, kama ilivyoitwa enzi za Waingereza, wakiwa wamechelewa. Wachina wengine, Wahokkien na Wakantoni, walikuwa wameshashika biashara nono, hivyo wengi wa Hainan wakaishia kuwa wapishi katika nyumba za Waingereza na melini. Huko ndiko walikojifunza mambo ya mikate, mayai na kahawa, na baadaye wakafungua kopitiam zao. Kopi ni kahawa kwa Kimalei, tiam ni duka kwa Kihokkien. Babu wa mume wangu alifungua ya kwake George Town, mji mkuu wa Penang, mwaka 1952, vyumba vya kulala juu, biashara chini.

Ukiingia kopitiam mara ya kwanza unaweza kudhani ni hoteli ya chakula kama zetu. Sivyo. Mwenye duka anauza vinywaji, mkate wa kuchoma na mayai ya kuchemsha kidogo, basi. Chakula chenyewe kinapikwa na wachuuzi waliopanga vibanda vyao pale mbele, kila mmoja na tambi zake. Kwetu walikuwa wanne, na kila mmoja alilipa ringiti 25 kwa siku aliyofungua. Mteja akikaa kula bila kuagiza kinywaji, anatozwa senti 50 za meza. Kwa hiyo ukiona watu wamejaa, usihesabu sahani, hesabu vikombe.

Babu alipofariki mwaka 1979, baba mkwe akashika. Hakukuwa na kikao wala wakili. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, alikuwa na miaka 35, na kesho yake ya mazishi ndiye aliyewasha jiko. Nadhani urithi ule ulivyokuwa mwepesi ndio uliotuponza sisi, maana mzee aliamini mambo hujipanga yenyewe.

Kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameyapangua. Wanawe wa kiume aliwaambia wasome wasije wakasimama kama yeye, kuanzia saa kumi alfajiri miguu ikiwa imevimba. Wakasoma. Mume wangu ni mhandisi Bayan Lepas, kwenye eneo la viwanda vya elektroniki lililoanza mwaka 1972. Shemeji yangu yuko Singapore. Wachina wana msemo kwamba mali haivuki kizazi cha tatu, na watu huusema kama laana. Nilichokiona mimi hakina uchawi: kizazi cha pili kilitoa jasho ili kizazi cha tatu kisiiguse kazi ile, halafu kikashangaa hakuna wa kuigusa.

Na wifi yangu? Huyo ni Achi, dada mkubwa. Aliacha masomo mwaka 1996 akiwa na miaka 18, mama mkwe alipoanza kuugua figo, akaingia jikoni na hakutoka. Mzee alimpa ringiti 600 kwa mwezi, akaziita pesa za mfukoni. Hakumwandikisha EPF, mfuko wa akiba ya uzeeni ambao mwajiri Malaysia anatakiwa kumchangia mfanyakazi wake. Mtoto wako unamwandikishaje kama kibarua? Ndivyo alivyofikiri mzee, na wengi wetu huku na kule tunafikiri hivyohivyo.

Oktoba 2018 mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakakatika. Akili ilikuwepo, ungemwona machoni, lakini kutoa jina la kitu ikawa kazi ya dakika tano.

Wiki ya pili tukagundua kwamba duka halikuwa duka, lilikuwa yeye. Cheti cha usajili wa biashara kwa jina lake peke yake. Leseni ya halmashauri ya jiji vilevile. Mkataba wa pango, vilevile. Akaunti ya hundi ilikuwa na sahihi moja, na mkono uliokuwa ukiitia sahihi hiyo umelala kifuani. Tuliandika hundi ya muuza kahawa, mzee akajaribu kwa mkono wa kushoto, benki ikairudisha. Ilibidi barua ya daktari, kisha ofisa wa benki aje nyumbani, kisha alama ya dole gumba. Karibu wiki sita. Muda wote huo tulikuwa tunalipa watu kwa mshahara wa mume wangu.

Kama una mzazi mwenye biashara na bado anatembea, anza na hilo la sahihi ya pili benki. Ni fomu moja na asubuhi moja. Usianze na wosia, wazee wengi wa Kichina ukiwatajia wosia wanaona unawaombea kifo. Sahihi ya pili unaweza kuisingizia safari au foleni.

Jengo nalo si letu, ni la chama cha ukoo mmoja wa Kichina, kama majengo mengi ya George Town ya zamani. Zamani kodi zilikuwa za kufungwa, kwa sheria ya mwaka 1966, na baba mkwe alilipa ringiti 110 kwa mwezi miaka nenda rudi. Udhibiti ulipoisha kabisa, kuanzia Januari 2000, kodi zikaruka, na mwaka 2008 mji ulipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, zikaja hoteli na mikahawa ya watalii. Sisi tulikuwa tumefika 2,600, na mkataba ulikuwa unaisha Juni 2019. Wazee wa chama walikuwa wanamhurumia mzee kwa sababu ni mzee. Mrithi asiyejulikana angepata bei ya soko.

Tulikaa kikao siku ya pili ya Mwaka Mpya wa Kichina, Februari 2019. Nilikuwepo, nilisema, na nilikosea. Swali lililowekwa mezani lilikuwa: nani kati ya watoto wa kiume? Hakuna aliyelishangaa, hata mimi niliyetoka katika ukoo ambao baba zangu wadogo waligombania mashine ya kusaga mpaka ikaota kutu. Shemeji akasema hawezi kuacha kazi. Mume wangu akasema hawezi. Nami, kwa kiherehere cha mkamwana anayetaka kuonekana, nikasema: jina liwe lake, kazi nitafanya mimi.

Achi alikuwa anamenya machungwa. Aliendelea kumenya.

Sheria yenyewe ilitakiwa inishtue. Biashara ya mtu mmoja Malaysia inasajiliwa na raia au mkazi wa kudumu, na mimi nilikuwa na viza ya mke tu. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2016 jimbo la Penang limekataza wageni kuwa wapishi wakuu wa vyakula vya mitaani vya kienyeji. Kahawa yangu haikuwa mle, lakini kila ofisa alipopita nilijikuta natoka jikoni na kujifanya nafuta meza. Unawezaje kuendesha kitu ambacho ukiona sare unajificha?

Wiki mbili baada ya sikukuu Achi akaondoka. Hakugombana na mtu. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya mashine ya barafu, akaenda kuajiriwa jikoni kwenye hoteli moja, kwa mshahara mara tatu ya alichokuwa akipata kwetu, na EPF juu.

Nikabaki na jiko. Kahawa ya kopitiam hukaangwa na sukari na siagi ya mimea mpaka iwe nyeusi tititi. Unaitia kwenye mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, unamwagia maji yanayotokota, unaihamisha buli kwa buli. Kikombe lazima kioshwe kwa maji ya moto kwanza, maziwa ya kopo yatangulie chini. Hayo yote nilikuwa nayaona kila siku kwa miaka 10. Kuona si kufanya. Wiki ya kwanza niliufua ule mfuko kwa sabuni, nikaona fahari kwamba sasa ni msafi. Siku tatu kahawa ilinukia limau. Wazee wa asubuhi hawakulalamika, ambayo ndiyo hatari yenyewe. Walipungua tu, kutoka kama 40 wakawa 25.

Mama wa tambi za mchuzi akaja kuniuliza kama amana yake ipo. Amana gani? Alimpa mzee ringiti 1,000 mwaka 2001, mkono kwa mkono. Yule wa tambi za kukaanga akasema yeye na mzee walikubaliana siku za mvua kubwa halipi. Nikadhani wananijaribu kwa kuwa mimi ni mgeni, nikakataa yote mawili. Wa kukaanga akahamia kopitiam ya mtaa wa pili na wateja wake. Baadaye Achi aliniambia wote wawili walisema kweli.

Halafu ndio likaja lile la daftari.

Mwisho wa Machi mzee wa maziwa alikuja kwa hesabu yake. Nikafungua daftari la baba mkwe. Nilikuwa sijui Kichina cha kusoma, mume wangu naye kasoma shule za Kimalei, anasoma majina tu. Nikaona kwenye mistari ya mzee yule, miezi mitatu mfululizo, pameandikwa X, kisha vijistari vingine. Nikaridhika kabisa. Nikamwambia, Anko, hizi zimeshafutwa, mzee alikulipa. Akaniangalia. Akaangalia daftari. Nikamgeuzia alione vizuri, na kidole nikaweka juu ya X. Ndipo alipomaliza kahawa yake na kuilipia.

Aprili ni mwezi wa Cheng Beng, familia huenda kusafisha makaburi ya wakubwa wao. Kwenye kaburi la mama mkwe nilijua nitamkuta Achi. Tuling'oa majani bila kuzungumza. Mwisho nikatoa simu, nikamwonesha picha ya ule ukurasa, nikamwuliza mzee wa maziwa ana nini nasi.

Alicheka mpaka akakaa chini. "X ni nne," akasema.

Ni tarakimu za zamani za wafanyabiashara wa Kichina, zinaitwa za Suzhou, si zile herufi zinazofundishwa shuleni kwanza. Moja, mbili na tatu ni vijiti vya kusimama. Nne ni X. Tano ni kama kitanzi cha kamba. Sita ni kijiti juu ya mstari uliolala, saba mistari miwili, nane mitatu. Chini yake huwekwa alama ndogo ya mia au kumi. Achi alinichorea kwa kijiti kwenye udongo wa kaburi. Ile miezi mitatu ilikuwa 438, 412 na 445. Tulikuwa tunadaiwa ringiti 1,295, na mimi nilikuwa nimemwekea kidole mwenye deni lake juu ya nne, nikimwambia ni alama ya kufuta.

Nikamwuliza alijifunza lini. Akiwa na miaka tisa, akasema, alikuwa anakaa juu ya kreti ya soda, baba yake akimsomea naye anaandika. Kurasa nyingi za daftari lile ni mwandiko wake. Miaka 22 tulikuwa tunaliita daftari la mzee.

Sitasema niliona nuru pale makaburini. Nilichoona ni kwamba nimepoteza kama ringiti 9,000 kwa miezi miwili na mtu wa kunisaidia yuko mbele yangu na hanidai fadhila. Jioni nikamwambia mume wangu, swali letu la Februari lilikuwa bovu. Alikasirika siku mbili, akakubali siku ya tatu.

Achi hakurudi kwa kuombwa. Alikuja na masharti, na nashukuru aliyataja kwa sauti, kwa sababu katika familia hizi mtu anaweza kumeza jambo miaka 20 kisha likatokea wakati wa kugawana. Jina liwe lake, si la kaka zake kwa niaba yake. Kaka zake wamlipe kitu kwa ile miaka. Tulikubaliana kila mmoja aweke ringiti 300 kwa mwezi kwenye EPF yake, kwa mchango wa hiari, kwa miaka mitano, yaani 36,000 kwa jumla. Shemeji alilalamika sana, mkewe akalalamika zaidi, lakini analipa. Wakili alituandikia kwa ringiti 2,500. Niliona ghali siku ile.

Sababu ya kuandikiana ni hii. Kwa wasio Waislamu Malaysia, mtu akifa bila wosia, na hana mke wala wazazi walio hai, watoto wanagawana sawa, wa kike na wa kiume. Wengi wetu tungesema basi haki si ipo? Ipo, lakini theluthi moja ya duka kwa kila mtu ni njia ya kuliuza. Na biashara ya mtu mmoja haina uhai wake, mwenyewe akifa imekufa naye. Kwa hiyo njia tuliyoshauriwa ni kumwingiza Achi kama mbia wa baba yake, wote wawili watie sahihi, kisha baada ya muda mzee ajitoe. Ada yake ni ndogo. Angalizo moja: mbia anabeba madeni ya biashara mpaka mfukoni mwake, hivyo tulisafisha kwanza daftari lote, jina kwa jina, Achi akisoma nami nikiandika kwa tarakimu za kila mtu. Amana ya mama wa tambi tuliiandika siku hiyo.

Mzee akakataa. Tulimwekea karatasi mbele, akageuza uso ukutani. Binti ni wa kuolewa, ndivyo alivyokuzwa, na huyu hajaolewa, kwa hiyo kumpa duka ilikuwa kama kukiri jambo mbele za watu. Wiki tatu karatasi ilikaa juu ya kabati.

Aliyeifungua ile njia ni mzee wa maziwa. Achi alikuwa amekwenda kwake na pesa zote 1,295 taslimu na machungwa mawili. Mimi mtu wa Muheza, ambako machungwa tunayahesabu kwa gunia, nikamwuliza mawili yatatosha? Akaniambia yasiwe moja tu, na niache kuhesabu. Siku chache baadaye Anko alikuja, akapanda ngazi hadi chumbani kwa baba mkwe, akakaa naye nusu saa hivi. Tulisikia Kihainan, sauti moja inasema na nyingine inajikwaa. Aliposhuka akamwambia Achi, peleka karatasi. Hajawahi kutueleza alimwambia nini. Sahihi ya mkono wa kushoto ilichukua dakika kumi, na ofisini wakaikubali.

Chama cha ukoo kilimwongezea Achi miaka mitatu kwa ringiti 2,800. Nilitarajia vibaya zaidi. Mzee mmoja wa chama alisema anamjua tangu alipokuwa juu ya kreti.

Januari 2020 baba mkwe akajitoa kwenye usajili. Machi 18 Malaysia ikafungwa kwa sababu ya korona, hakuna mtu kukaa mezani. Tuliuza kahawa ya kubeba, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kamba shingoni, na Achi akawasamehe wachuuzi kodi miezi miwili bila kutuuliza. Mimi ningewauliza watu wote na ningekataa. Yule wa tambi za kukaanga alirudi mwishoni mwa mwaka.

Mzee alifariki Novemba 2021. Asubuhi ya pili baada ya mazishi jiko liliwashwa saa kumi, kama mwaka 1979. Duka halikuguswa na mirathi. Akaunti yake binafsi tu, iliyokuwa na ringiti 31,000, ilituchukua miezi saba, kwa sababu hiyo hatukumwingiza mtu. Lilitupita.

Siku hizi mimi naenda Jumamosi, naosha vikombe na kuchoma mkate. Mfuko wa kahawa siugusi. Bei ya kopi-o, kahawa isiyo na maziwa, imetoka 1.40 hadi 1.80, wazee wamenung'unika, wamebaki.

Wiki iliyopita Achi alikuwa anafunga hesabu, binti yangu amekaa juu ya kreti anakula mkate. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye daftari, kama mtoto anapenda hesabu. Nikamwambia ana miaka 11 tu.

"Mimi nilikuwa na tisa," akasema, akamsogezea kalamu.

Sikumzuia. Lakini usiku ule nilimwuliza mume wangu, akichora hizo X Jumamosi tutamlipa ngapi, na tutaandika wapi.